Laseri ndogo sana ya umeme: namna gani wanaifanya?

Sisi wa mwaka wa sita tulisikia wadogo wetu wakibishana kwenye chakula kwamba laseri ni toroshi yenye nguvu, basi. Hapana! Tusikilizane kidogo, sababu jambo hili liko mu somo letu la fizika, na tena liko mu simu za watu.

Ndani ya laseri ya umeme kuna kipande cha semikondukta, kama vile galiamu na arseniki pamoja. Umeme ukipita, elektroni inaanguka mahali pa chini na kutoa mwangaza kidogo. Mwangaza ule ukikuta elektroni ingine iko tayari kuanguka, unaiangusha, nayo inatoa mwangaza wa namna moja kabisa, wa njia moja. Toroshi haina ile. Kisha vioo viwili vinaurudisha mara nyingi mpaka unaongezeka na kutoka.

Laseri ya kwanza ya namna hii Robert Hall aliifanya Marekani mu 1962, lakini ndani ya baridi kali. Mu 1977 Kenichi Iga wa Japani akawaza kuweka vioo juu na chini, mwangaza utokee juu, si ubavuni. Ndiyo njia iliyofungua mlango wa laseri ndogo. Mu 1989 watu wa Bell Labs walipanga zaidi ya 1.000.000 juu ya kipande kidogo kuliko ukucha.

Sasa angalieni ugumu. Laseri ikiwa fupi, mwangaza unapita mu semikondukta kidogo tu, haupati faida mingi. Basi kioo kirudishe zaidi ya 99 juu ya 100. Kioo cha kujitazamia hakiwezi! Wanapanga tabaka nyembamba za aina mbili, moja juu ya ingine.

Lakini umeme utaingilia wapi? Umeme unataka chuma ya kuuleta, na chuma inakula mwangaza. Ukiisogeza karibu, mwangaza unakufa. Ukiiweka mbali, umeme unapotea njiani na kufanya joto. Na hesabu inatisha: kata upana wa laseri mara 10, mahali pa kupitishia umeme panapungua mara 100. Umeme uleule unasongamana, laseri inachemka.

Mu 2007, Martin Hill na wenzake, kule Eindhoven, Uholanzi, walichukua nguzo ya semikondukta isiyofika nusu ya mikrometa kwa upana, wakaifunika na dhahabu, kati yake ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Dhahabu ileile ikawa kioo na pia njia ya umeme. Sisi tunaona hiyo ndiyo akili yenyewe. Iliwaka, lakini kwa baridi ya -196 °C. Kuiwasha mu joto la kawaida, hiyo ni kazi ingine, nzito zaidi.

Kwa nini wanajisumbua? Mu ordinateri waya za shaba zinapashwa moto na habari zinazopita. Laseri ndogo ingepeleka habari kwa mwangaza, na umeme kidogo.

Kwa wa mwaka wa tano: tabaka la kioo linapaswa kuwa robo ya urefu wa wimbi ndani ya semikondukta. Wimbi likiwa nanometa 850 hewani, na kipimo cha kuvunja mwangaza 3,5, tafuteni unene. Jibu: karibu nanometa 61.