Semezaneni Kabla ya Mvua ya Kwanza



Mwezi wa Machi ukifika, nyumba zetu hubadilika. Mawingu yanakusanyika juu ya vilima, na jioni harufu ya udongo inaingia hadi jikoni. Mama anatoa majembe nyuma ya mlango na kutazama kama mipini imeliwa na mchwa. Baba anapanda juu ya paa kupigilia mabati yaliyolegea. Watoto wanapanga ndoo na sufuria chini ya paa, tayari kukinga maji. Huko Ulaya Kwaresima hufika wakati baridi inapoanza kuondoka. Kwetu hufika wakati wa kuandaa shamba. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kila mkulima anajua asiyejiandaa atabaki nyuma.

Lakini majira haya ya matumaini ni majira ya ugomvi pia katika nyumba nyingi. Mbegu zinahitaji pesa, mbolea inahitaji pesa, na karo ya muhula wa pili inakaribia. Ndipo mambo yaliyofichwa tangu Krismasi yanapotokea. Kwa hiyo somo letu leo ni moja: mume na mke wasemezane juu ya shamba na pesa kabla mvua haijanyesha, si baada ya kunyesha.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano. Mume na mke wana ekari 2. Mwezi wa Januari watoto waliporudi shule, mume alikwama na karo. Rafiki yake akamwambia, "Nikodishie ekari moja msimu huu, pesa nikupe leo." Mume akakubali. Hakuzinywa pesa hizo, alilipa karo yote. Ila mkewe hakumwambia. Alisema moyoni, "Nitamwambia Jumapili." Jumapili ikapita, na ya pili ikapita.

Mke naye alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo katika chama cha akina mama. Akanunua kilo 20 za mbegu, za kutosha ekari zote 2, akazificha chini ya kitanda. Hakumwambia mumewe kwa sababu alitaka kumfurahisha.

Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi mama akachukua jembe, akafika shambani, akakuta vibarua wasiomjua wakichimba mashimo katika shamba lake. Akawauliza, "Ni nani amewatuma?" Wakamtajia jina la rafiki wa mumewe.

Mpendwa msomaji, angalia vizuri. Hapa hakuna mlevi, na hakuna mzinzi. Wote wawili walikuwa wakiwatafutia watoto wao mema. Hata hivyo mama huyu alisimama kando ya shamba lake kama mgeni, na majirani wakimtazama. Kilichomuumiza zaidi si ekari ile. Vibarua walijua, rafiki alijua, jirani alijua, lakini yeye mwenye nyumba hakujua.

Kwa nini tunafichana?

Wengine hunyamaza kwa hofu ya maneno. "Nikimwambia, hatutalala." Wengine hunyamaza kwa kiburi. Mume husema yeye ni kichwa cha nyumba, kwa hiyo haombi ruhusa. Lakini kichwa kisichozungumza na moyo ni kichwa cha namna gani? Wengine, hasa sisi tulio katika ndoa miaka mingi, tunanyamaza kwa mazoea. Tunaongea juu ya ng'ombe, juu ya mazishi ya jirani, juu ya habari za redio, lakini mambo yetu wenyewe hatuyagusi.

Tena siku hizi kufichana kumekuwa rahisi. Zamani mtu akitaka mkopo alienda kwa mdhamini, na habari ilifika nyumbani kabla yake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikopo ya simu ikafuata, mtu anaweza kukopa akiwa amelala kitandani, mwenzake yuko kando yake, na mwenzake asijue lolote.

Tukumbuke tuliahidi nini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1055, inaeleza ndoa kuwa ushirika wa maisha yote. Maisha yote ni pamoja na shamba, akiba na madeni. Hata serikali yetu imeliona jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inasema mali ya ndoa ya mke mmoja isiuzwe, isitolewe zawadi, isikodishwe wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Lakini mume na mke wasingoje kufundishwa na hakimu jambo waliloahidiana mbele ya altare.

Mfanye nini?

Kwanza, chagueni jioni moja. Iwe baada ya chakula, watoto wamelala, redio imezimwa na simu zimewekwa mbali. Usianze mazungumzo haya mwenzako akiwa na njaa, wala njiani mkitoka Misa.

Pili, anzeni kwa shukrani. Mume amshukuru mke kwa jambo moja alilofanya tangu Krismasi, na mke afanye vivyo hivyo. Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizikumbusha familia zitumie maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Ni maneno mafupi, lakini kuna nyumba ambazo hayajasikika kwa miezi.

Tatu, wekeni yote mezani. Akiba ya chama, deni la duka, mkopo wa simu, pesa uliyomwahidi ndugu yako. Kisha hesabuni. Ekari moja ya mahindi hutaka karibu kilo 10 za mbegu ya chotara na gunia moja la kilo 50 la mbolea ya kupandia. Baadaye kuna palizi na mbolea ya kukuzia. Katika nyanda za juu mahindi huchukua miezi 6 au zaidi kabla ya kuvunwa, bali maharagwe huwa tayari kwa miezi 3 hivi. Basi jiulizeni: Mei na Juni tutakula nini? Karo itatoka wapi?

Nne, aliyeficha jambo aseme mwenyewe, na anayesikia asimkatize. Mume wa mfano wetu angeweza kusema hivi: "Mama watoto, kuna jambo nililifanya bila kukuambia. Nimekodisha ekari ya chini kwa sababu ya karo. Samahani." Naye mke si lazima ajifanye hakuumia. Anaweza kujibu, "Nimeumia, Baba. Lakini afadhali nimesikia kutoka kwako." Maneno haya ni machungu, ila ni machungu ya dawa.

Tano, andikeni katika daftari. Daftari la watoto lililobaki kurasa chache linatosha. Likae mahali ambapo kila mmoja wenu anaweza kulifungua.

Neno kwa wenye shida kubwa zaidi

Kuna mama anayenyamaza kwa sababu akisema atapigwa. Mama huyo tusimwambie atafute daftari. Kupigwa si msalaba ambao Kanisa linakutaka uubebe kimya. Mwambie mtu unayemwamini, mwendee padre au wazee wa jumuiya, na ukiwa hatarini ondoka uende mahali salama na upige ripoti polisi. Tuna Sheria ya Kukinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, nayo inamlinda mume pia.

Kama mvua imekwisha kunyesha

Labda unasoma ukurasa huu na mambo yamekwisha kuharibika kwako kama katika nyumba ile. Usikate tamaa. Wale wawili bado wana ekari moja. Wanaweza kuipanda mahindi pamoja na maharagwe, na kilo 10 za mbegu zilizobaki wakamwuzia jirani. Shamba litarudi mikononi mwao msimu ukiisha. Mume asimharakishe mkewe amwamini tena kwa wiki moja. Afanye kazi ya kusema kila jambo, dogo na kubwa, mpaka mke aone kwa macho yake kuwa mambo yamebadilika. Mke naye asiitumie ekari ile kama fimbo kila wanapokosana.

Wakati wa Kwaresima wengi wetu huacha nyama, sukari au pombe. Ni vyema. Mwaka huu ongezeni mfungo mmoja: acheni kufichana. Padre hatauona, na majirani hawatauona, lakini nyumba yenu itaujua.

Maswali ya kuzungumza wawili

1. Ni jambo gani la pesa ambalo mwenzangu angelisikia kwanza kwa watu wengine kabla ya kulisikia kwangu?
2. Nikitaka kusema jambo gumu, mwenzangu hufanya nini kinachonipa moyo? Hufanya nini kinachoniogopesha?
3. Msimu huu tutapanda nini, na kila mmoja atatoa nini?

Mungu abariki mbegu zenu, na abariki mazungumzo yenu.