Ngazi ya Mtu na Mguu wa Mpita Njia

Kila mvua inyeshapo juu ya vilima vya Butembo, ambavyo udongo wake mwekundu ukilowa huwa kama sabuni chini ya kandambili, na kila maji yajaapo katika mitaro ya Beni isiyo na vifuniko, hospitali zetu hupokea watu waliovunjika mikono, walioteguka viuno na waliopasuka vichwa, nao wakiulizwa ni nani aliyewatenda hayo, aghalabu hujibu kwamba hapana mtu. Wameteleza tu, ni kudura ya Mungu. Jibu hilo lina adabu yake na imani yake, wala mimi si mtu wa kuidharau imani. Walakin mbele ya sheria ni jibu pungufu, kwa maana sheria ya nchi yetu haiulizi tu ni nani aliyekusukuma, bali huuliza pia ni nani aliyekuwa na wajibu wa kupatunza mahali ulipoangukia.

Sheria yenyewe ni kongwe. Ni dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hata leo ndiyo msingi wa Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai ya Kongo. Na ni katika maajabu ya historia kwamba utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, unaokumbukwa hadi leo kwa mikono iliyokatwa, ndio uliotuachia kifungu cha 258, kinachomlazimu kila mtu aliyemdhuru mwenziwe kwa taksiri yake amlipe fidia ya dhara hilo. Kifungu kinachofuata, cha 259, ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wenye kuteleza, maana chasema kwamba mtu hudaiwa si kwa tendo lake peke yake, bali hata kwa uzembe wake na kwa kutotahadhari kwake. Cha 260 kimeongeza kwamba mtu hujibu pia kwa ajili ya watumishi wake wawapo kazini, na kwa ajili ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Na cha 262 humtwika mwenye jengo hasara iletwayo na kubomoka kwa jengo hilo, ikiwa sababu ni kukosa matengenezo au ubovu wa ujenzi.

Tuseme basi kwamba mama mmoja, muuza sombe, ametoka sokoni akaingia katika duka moja la ghorofa ili anunue chumvi na mafuta, na sakafu ya mlangoni, iliyotandikwa vigae vinavyong'aa, imetoka kupigwa maji na kijana wa duka asiyeweka alama yoyote wala kutupa hata kiloba kikavu cha kukanyagia. Mama akateleza, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mwenye duka hakuwapo. Yuko safarini Dubai au Kampala akinunua bidhaa. Je, amesalimika? La. Kijana yule ni mtumishi wake na alikuwa katika kazi yake, na taksiri ya mtumishi humrudia bwana. Na lau hapakuwa na kijana wala maji, bali ngazi ya nje ambayo tangu mwaka juzi imevunjika kipandio cha tatu na kila mpangaji amekwisha kulalamika, hapo mama angeshika njia ya kitu kilicho chini ya ulinzi wa mtu, na ingempasa mwenye kuitunza ngazi aieleze mahakama ni nguvu gani isiyozuilika, au tendo la mtu gani mwingine, au kosa gani la mama mwenyewe, lililosababisha anguko lile. Na hapa niseme neno juu ya wapangaji na wenye nyumba, ambao kila mmoja humwonyesha mwenziwe kidole: mdai hana haja ya kungoja waelewane. Awaite wote wawili mbele ya hakimu, nao watoleane mkataba wao hukohuko.

Si kila anguko lina mdaiwa. Aliyekwenda kwa miguu yake katika kiwanja kilichozungushiwa uzio, akaruka kamba iliyowekwa makusudi kuwazuia watu, au aliyelewa akaikosa ngazi nzima na taa inawaka, ataambiwa kwamba dhara ni la kujitakia; na aliyekuwa na sehemu ya kosa hali mwenye mahali naye ana sehemu yake, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Mdai sharti abainishe mambo matatu: kwamba palikuwa na taksiri au ubovu wa kitu, kwamba amepata dhara, na kwamba dhara limetokana na taksiri hiyo na si na jambo jingine. Jambo hili la tatu ndilo huziangusha daawa nyingi, kwa sababu mtu huanguka Jumatatu, akajikanda kwa maji moto na kwa dawa za mitishamba, akaenda kwa daktari wiki ya tatu mguu umekwisha kuvimba, na wakili wa upande wa pili akasimama akauliza kwa upole kabisa ni nini kinachoonyesha kwamba mguu huo haukuvunjika shambani.

Kwa hiyo hukumu ya miaka miwili mbele hujengwa katika siku mbili za kwanza. Aliyeanguka, au ndugu yake kama mwenyewe hawezi, apige picha mahali pale kabla hapajafagiwa wala kutengenezwa, maana mwenye duka mwerevu huita fundi jioni ileile. Aandike majina na nambari za simu za watu waliokuwapo, maana umati wa sokoni hutawanyika upesi, na mwezi mmoja baadaye kila mtu atasema alisikia tu. Aende hospitali siku hiyohiyo, iwe ni Kitatumba au Matanda kule Butembo, au hospitali kuu ya Beni, na asitoke na dawa tu bali aombe cheti cha daktari chenye kutaja tarehe, namna ya jeraha, siku ambazo hataweza kufanya kazi, na kama kilema kitabaki. Kila risiti ihifadhiwe, hata ya gongo la kutembelea na ya pikipiki iliyompeleka kubadilishiwa plasta. Na mchuuzi asiyekuwa na karatasi ya mshahara asidhani kwamba hana la kuthibitisha: daftari la likelemba, yaani la mchango wa zamu, lenye kuonyesha kwamba kila wiki alitoa kiasi fulani bila kukosa, ushuru wa soko aliolipa, ushahidi wa yule anayemletea bidhaa kutoka Kyondo au Mangina, vyote hivyo ni bayana. Tukio la namna hii huthibitishwa kwa kila njia, na palipo na dhara lisilohesabika kwa mizani, kama vile maumivu na fedheha, hakimu hukadiria kwa insafu yake.

Sasa tulizungumze jambo ambalo kwa maoni yangu huwapokonya watu wetu haki zao kuliko ujinga wa sheria, nalo ni pole. Mtu ameanguka dukani mwa tajiri. Tajiri, ambaye si mtu mbaya, amekuja hospitali na unga, sukari na bahasha, amesali na wagonjwa, na kabla hajaondoka karani wake ametoa karatasi ili familia itie sahihi kwamba wamepokea. Familia, kwa heshima, hutia sahihi bila kusoma. Pole yenyewe ni desturi njema na haiui haki ya mtu; bali karatasi yaweza kuiua, maana ikiwa imeandikwa kwamba aliyepokea hana tena dai lolote, basi hiyo ni sulhu, na sulhu iliyokamilika ina nguvu baina ya walioiandika kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Ikiwa mguu utaoza mwezi ujao, mlango umekwisha kufungwa. Nani atakayekataa bahasha akiwa na bili ya upasuaji? Mimi simshauri mtu aikatae. Aipokee, aseme asante, na juu ya karatasi aandike, au amwombe mtu amwandikie, kwamba fedha hizi ni msaada wa matibabu tu na kwamba fidia itazungumzwa mgonjwa akisha kupona.

Wala simaanishi kwamba sulhu ni mbaya. Mbele ya wazee wa barza, au kwa chefu wa kartie, watu wawili wenye nia safi waweza kumaliza kwa juma moja jambo ambalo mahakama ingelikalia mwaka mzima, na majirani wakabaki majirani. Sharti lake ni kwamba hali ya mgonjwa iwe imekwisha kujulikana, kiasi kiandikwe, siku za malipo ziandikwe, na kila upande ubaki na nakala.

Polisi nao wana pole yao. Mtu aliyemjeruhi mwenziwe kwa kukosa tahadhari ana kosa la jinai hata kama hakukusudia, na kifungu cha 54 cha sheria ya jinai kimeweka kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja. Afisa wa polisi ya mahakama aweza kumtoza mkosaji faini ya maafikiano, na ikiisha kulipwa mashtaka ya jinai kwa kawaida huzimika. Fedha hizo ni za hazina ya serikali, si zako, na kulipwa kwake hakukuzuii kudai fidia yako mbele ya hakimu wa madai.

Njia ya jinai ina faida kwa maskini, kwa sababu mwendesha mashtaka wa parke ndiye autafutaye ushahidi, nawe huungana naye kama mdai wa fidia mbele ya hakimu yuleyule. Lakini ni njia fupi mno kwa muda. Maadamu adhabu ya kosa hili haizidi mwaka mmoja, mashtaka yake nayo hufa ukipita mwaka mmoja, ilhali dai la fidia mbele ya hakimu wa madai huishi miaka 30. Yafaa pia ijulikane kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021, ulipoanza utawala wa kijeshi wa dharura katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini na katika Ituri, kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi, na mwaka 2023 ikatangazwa kulegezwa kwa hali hiyo hatua kwa hatua. Basi kabla ya kushitaki, uliza kwa karani ni mahakama gani inayopokea shauri lako leo. Kesi za madai hazikuguswa na badiliko hilo. Dai lisilozidi faranga za Kongo 2,500,000 hupelekwa katika mahakama ya amani, ile iitwayo Tripaix, na lililozidi hapo hupelekwa katika mahakama kuu ya wilaya, ambayo wengi huijua kwa herufi TGI.

Aliyeanguka akiwa kazini asianze huko kabisa. Kwa sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ajali ya kazi, pamoja na ile impatayo mfanyakazi akienda kazini au akirudi nyumbani, hulipwa na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, bila ya kumtaka athibitishe kosa la tajiri wake. Vijana wanaobeba zege katika maghorofa ya Butembo, wapandao majukwaa ya miti ya mikaratusi bila kamba, huambiwa kwamba wao ni vibarua tu na hawana mkataba. Hilo si kweli. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 humruhusu mfanyakazi kuuthibitisha mkataba wake kwa kila njia, hata kama haukuandikwa, na mkaguzi wa kazi ndiye wa kuonwa kwanza.

Kilichobaki ni mtaro wa barabarani, na hapo shauri huwa gumu, si kwa sheria bali kwa malipo. Mwaka 1920 mahakama ya juu ya Ubelgiji iliamua, katika daawa ya shamba la maua ambalo mti wa mji wa Bruges uliliangukia, kwamba serikali hujibu kwa taksiri yake kama raia yeyote ajibuvyo, na fikra hiyo imeingia katika sheria yetu. Mji na komini ni watu mbele ya sheria, hushitaki na kushitakiwa. Barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes, na nyingi za mjini pamoja na mitaro yake ziko chini ya OVD, ofisi ya barabara za miji na mitaro. Mdai aanze kwa barua kwa meya, yenye picha na cheti, na nakala ipigwe muhuri wa mapokezi. Walakin ajue kwamba hata akishinda, mali ya serikali haikamatwi kwa nguvu, kwa mujibu wa sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara, ambazo Kongo inazifuata tangu mwaka 2012, kwa hiyo atakuwa na hukumu mkononi na safari ndefu ya ofisi baada ya ofisi. Kwa jeraha dogo, simshauri mtu aende mahakamani. Kwa mguu uliokatwa, au kwa mtoto aliyezama mtaroni, daawa ifunguliwe, kwa sababu deni lililoandikwa na hakimu haliwi sawa na malalamiko ya redioni.

Gharama za mahakama huwatisha wengi kuliko mahakama yenyewe. Asiye na uwezo huomba cheti cha umaskini kwa watawala wa mahali pake, naye hakimu aweza kumsamehe malipo yote au baadhi yake. Na chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure, ambayo mtu huiulizia pale pale mahakamani. Aliyeshindwa katika shauri la madai ana siku 30 za kukata rufani, na katika jinai ana siku 10 tu, tena siku hizo hazimngojei wakili aliyeko Goma; karani wa mahakama ndiye aipokeaye rufani, na mtu aweza kuitangaza mwenyewe mbele yake.