Vitu Hugeuka kwa Namna Mbili

Watoto, tazameni mafuta ya mawese katika chupa. Asubuhi ya baridi yameganda. Chupa ikiwekwa karibu na moto, yanayeyuka. Je, yamekuwa kitu kingine? Hapana. Ni mawese yale yale.

Tieni chumvi katika maji: haionekani tena. Chemsheni maji hayo mpaka yakauke: chumvi imebaki chini ya chungu. Haya tunayaita mageuzi ya umbo.

Sasa tazameni kuni motoni. Zinakuwa moshi na majivu. Nani awezaye kukusanya moshi na majivu apate tena ukuni? Hakuna. Jembe likiachwa nje penye umande hushikwa na kutu. Kutu si chuma tena. Ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Haya ni mageuzi ya asili: kitu cha kwanza kimekwisha, kitu kipya kimetokea.

Lakini msidanganyike. Karatasi iliyopasuliwa hairudi kuwa nzima, na hata hivyo kila kipande ni karatasi. Basi, ulizeni kila mara: Je, kimekuwa kitu kingine?

Kujua tofauti hiyo kwaweza kuokoa miguu yenu. Mihogo michungu ina sumu. Ukiimenya na kuianika tu, maji yanatoka, lakini sumu nyingi inabaki. Ukiiloweka siku 3 au zaidi, inalainika, inachacha, na harufu yake inageuka. Hizo ni alama za mageuzi ya asili. Ndani ya muhogo sumu inavunjika: sehemu yake inatoka kama hewa, nyingine inachukuliwa na maji. Baadaye mihogo inaanikwa na kutwangwa. Kuwa unga ni kugeuka umbo tu. Kutwanga hakufanyi kazi ya kuloweka.

Katika nchi ya Kwango, kwa sababu ya njaa au haraka ya kuuza, watu wengine walipunguza siku za kuloweka. Watoto na akina mama wakapooza miguu ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, maana yake katika lugha ya Wayaka ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na hata leo haujakwisha katika Kongo. Miguu iliyopooza hivyo hairudi kuwa kama kwanza. Unga mweupe hupendeza macho, lakini macho hayaoni sumu.

Maulizo

1. Maji yanachemka, maziwa yanachacha, udongo unachomwa kuwa tofali, nta inayeyuka. Semeni kila geuzi ni la namna gani.
2. Kwa nini kutwanga mihogo hakuondoi sumu yake?
3. Ulizeni nyumbani: mihogo tunayokula leo ililowekwa siku ngapi?