Kusafisha Tumbo Kabla ya Kidonge cha Kamera

Ukiambiwa utameza kidonge chenye kamera kichunguze utumbo mpana, usiogope kukimeza. Kina urefu wa sentimita tatu hivi, na kamera kila upande. Kazi yenyewe iko siku za kabla. Daktari anayetumia mpira wa kamera, wa aina ile ambayo wengi huku Kericho wamesikia habari zake kutoka Hospitali ya Tenwek kwa ajili ya saratani ya umio, akikuta uchafu anaweza kumwaga maji na kuufyonza. Kidonge hakioshi wala hakifyonzi. Kikikuta punje ya mahindi, utaletewa picha ya punje ya mahindi.

Kwa hiyo siku tatu hivi kabla, achana na mbegu na nyuzinyuzi: githeri, maharagwe, mapera, pasheni, na mboga za sukuma na isageek. Hata ugali wa wimbi uweke kando. Wali mweupe, mayai, samaki na viazi vilivyomenywa vinatosha. Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, muulize daktari uviache lini, kwa kawaida wiki moja kabla, maana vinafanya kinyesi kiwe cheusi na cha kunata.

Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu. Hapa mtu wa Kericho ana bahati: chai ya rangi inaruhusiwa, na sukari yake. Maziwa hapana. Mursik ndiyo hapana kabisa, kwa sababu ya maziwa na pia ule mkaa wa ndani ya kibuyu cha sotet. Supu iliyochujwa ni sawa. Soda na juisi nyekundu au zambarau ziache, rangi yake hufanana na damu.

Kisha dawa ya kuharisha. Ya kawaida ni poda ya kuchanganya na maji, mara nyingi lita 4 kwa jumla: nusu jioni, nusu alfajiri. Wagonjwa wa Soin hukwama kwenye hiyo nusu ya alfajiri. Nani atapanda matatu Kipsitet mpaka Kericho tumbo likiunguruma? Basi mtu anainywa yote usiku, au anaimwaga. Usifanye hivyo. Usiku kucha ute wa nyongo hushuka na kupaka utumbo upya. Dozi ya alfajiri ndiyo inayouosha. Heri ulale kwa shemeji karibu na hospitali, choo kikiwa jirani. Iweke dawa ipoe, inywe kwa mrija, na upake mafuta ya mgando kwenye njia ya haja kubwa kabla ngozi haijachubuka. Umekuwa tayari ukitoa maji ya manjano yasiyo na vipande.

Joto la Soin nalo linakausha mwili, hivyo ongeza maji yenye chumvi na sukari. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au kisukari asianze dawa yoyote kabla ya kuongea na daktari.

Ukishameza kidonge utapewa dawa nyingine ya kukisukuma. Inywe hata kama umechoka. Uvimbe ukionekana, bado utahitaji mpira wa kamera ili ukatwe. Na mpaka uhakikishe kidonge kimetoka, usiingie kwenye mashine ya MRI.