Kuitunza Miti ya Bonsai Wakati wa Baridi

Sisi tunaokaa pasipo theluji hudhani kuwa mti ukipatwa na baridi dawa yake ni kuuingiza ndani penye joto. Katika Elimu ya Viumbe nimejifunza kwamba sivyo. Huko Japani, miti midogo ya vyunguni iitwayo bonsai, kama vile msonobari, huhitaji baridi ili ipumzike. Ikiwekwa penye moto hukosa mapumziko hayo, ikadhoofika.

Hatari iko mizizini. Shambani udongo mwingi huikinga mizizi. Chunguni udongo ni haba, nao huganda upesi. Kwa hiyo mtunzaji huuweka mti kibandani pasipo moto, au hukifukia chungu ardhini pasipo upepo. Udongo usikauke kabisa.

Karibu na mwezi wa Machi macho ya matawini huanza kuvimba. Hapo mti hutolewa nje kidogo kidogo, na usiku wa baridi kali hurudishwa, maana majani machanga huunguzwa na baridi.

Msonobari mmoja, ulioanza kutunzwa mwaka 1625, ulinusurika na bomu la Hiroshima mwaka 1945, ukapewa Marekani mwaka 1976. Hata mzee kama huyo aweza kufa kwa uzembe wa majira mamoja tu.