Ekutere bila waya kwa kazi ya kooperative: ipimwe kwenye sikio la mnunuzi



Siku ya kupima mazao kwenye depo, karani anashika biki mkono mmoja, kaye mkono mwingine, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Balanse inangoja, mnunuzi wa Goma anauliza mifuko ni ngapi, na wakulima wako mstari. Ndiyo maana kooperative moja moja zinauliza kama inafaa kutoa pesa ya sanduku kununua ekutere ndogo za bei ya chini, zile zinazoshikana na simu kwa Bluetooth bila waya. Zinaweza kusaidia kweli. Lakini watu wengi wanazipima vibaya siku ya kununua.

Ukienda Birere au kwenye soko la Virunga, muuzaji atakuvalisha ekutere na kukuwekea wimbo. Utasikia gitaa, utasikia besi, utafurahi. Sasa, muziki unakwenda njia moja tu: kutoka simu kwenda sikio. Wakati wa kuongea, sauti inapaswa kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, na Bluetooth inabadilisha namna ya kufanya kazi, sauti inapunguzwa. Tena mikro ndiyo inaingia kazini, na kwenye vifaa vya bei ndogo ni pale muundaji anapobana pesa. Kwa hiyo ekutere inaweza kuimba vizuri sana na kuongea vibaya. Mwenye kuivaa hatajua, maana yeye anamsikia mnunuzi bila shida. Anayeteseka ni yule wa upande mwingine.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu? Kwa sababu ya hesabu. Simu ya kawaida inapitisha sauti kati ya hertzi 300 na 3,400 hivi. Herufi kama s, f na t nguvu yake nyingi iko juu ya hapo, kwa hiyo zinakatwa. Katika maongezi ya nyumbani hatusikii upungufu, tunaelewa kwa maana ya sentensi. Lakini namba haina sentensi ya kuisaidia. Sema "makumi tatu" na "makumi tano" kwenye upepo, usikilize. Au kwa Kifaransa cha soko: "treize" na "seize", "soixante" na "septante". Ongeza mikro mbaya juu ya reso mbaya, na makosa yanakuja.

Tuseme karani amesema mifuko makumi tatu ya viazi, mnunuzi akasikia makumi tano. Anakodi Fuso ya mifuko 50. Gari linapanda barabara ya Masisi, linakuta 30. Nafasi ya mifuko 20 nani atailipa? Mnajua ninyi wenyewe namna palavra ile inavyoisha: inakatwa kwenye bei ya mkulima.

Basi tuipime kama tunavyopima mbegu mpya, yaani kando ya mstari wa kulinganisha. Kabla ya kulipa, au angalau kabla ya muda wa kurudisha kuisha, andikeni namba 20 kwenye karatasi, na mtie ndani zile zinazofanana: 3 na 5, 13 na 16, 30 na 50, 60 na 70. Mtu mmoja anavaa ekutere na kuzisoma kwa simu, kila moja mara moja tu. Mwingine, aliye mbali na asiyeona karatasi, anaandika anachosikia. Kisha rudieni bila ekutere, simu ikiwa sikioni, namba zilezile kwa mpangilio mwingine. Huo ndio mstari wetu wa kulinganisha, kwa sababu bila huo mtalaumu ekutere kwa kosa la reso. Fanyeni ndani ya depo, halafu kando ya barabara pikipiki zikipita, halafu shambani penye upepo. Tumieni simu zilezile na reso ileile, na saa zisiachane sana. Hesabuni makosa. Kama ekutere inakosa zaidi kuliko simu peke yake, irudi kwa muuzaji, hata kama ni nzuri kutazama.

Upepo ndio unaoangusha nyingi. Vile vidogo viwili vinavyoingia masikioni vina mikro iliyo mbali na mdomo, kwa hiyo vinakusanya kila kitu: lori, mvua kwenye manjanja, watoto. Ile ya sikio moja yenye kamkono kanakoelekea mdomoni mara nyingi inafaa zaidi kwa kazi yetu, na sikio lingine linabaki wazi kusikia balanse ikisomwa na pikipiki ikija.

Kuna jambo dogo ambalo watu wanalidhani ni ubovu. Sauti inakatika-katika ukiweka simu mfuko wa nyuma upande wa kushoto na ekutere iko sikio la kulia. Mawimbi ya Bluetooth yanapungua nguvu yakipita mwilini, kwa sababu mwili una maji mengi. Weka simu upande uleule wa sikio, mfuko wa kifuani ni bora. Ile mita 10 iliyoandikwa kwenye kartoni ni ya mahali wazi. Ukuta na watu vinaipunguza.

Batri nayo msiiamini kwa maandishi. Saa zilizoandikwa ni za kifaa kipya, na mara nyingi ni za muziki. Chajini mpaka taa ionyeshe imejaa, mfanye nayo siku moja nzima ya mapimo, muandike saa ilipozima. Kwenye paneli ndogo ya jua yenye USB ya volti 5 hakuna shida, lakini msiunge waya moja kwa moja kwenye batri ya volti 12. (Batri ndogo kama hizi mara nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kwa malori, inaturudia kwa kartoni ndogo, nasi tunainunua.)

Kabla ya kutoa pesa, pimeni pia ekutere ya waya kwa karatasi ileile ya namba. Haina batri, mikro yake inaning'inia karibu na mdomo, na bei yake ni ndogo. Kwa kooperative nyingi naona itatosha. Ile bila waya inastahili pale tu mtu anazunguka kati ya balanse na mifuko na waya unamnasa. Na angalieni kama simu ya karani iko na Bluetooth. Za vitufe si zote.

Sasa jambo ambalo si la ufundi. Bei ikipita kwenye sikio la mtu mmoja, wanachama wanabaki kuuliza amesikia nini. Hata karani mwaminifu anaweza kupoteza jina lake hivyo. Ekutere itumike kwa habari za njiani: gari liko wapi, mifuko imefika ngapi. Wakati wa kukubaliana bei, aitoe sikioni, aweke simu kwa sauti ya wote, arudie namba kwa kuigawa ("tatu, sifuri: makumi tatu"), na amwombe mnunuzi atume mesaji. Mesaji inaandikwa kwenye kaye siku ileile.

Kifaa kiandikwe kwenye orodha ya mali ya kooperative, kishikane na simu ya kazi peke yake, na kile cha sikio kipanguswe kwa kitambaa kikavu kila mtu mwingine anapokivaa. Msimu ukiisha msikiweke kikiwa kitupu kabisa: chajini mpaka nusu, mkifunge kwenye mfuko mkavu, mbali na dawa za shamba, na baada ya miezi miwili mkichaji tena.