Dhamana na Tiba: Jamaa Akikamatwa na Unga

Mtu akikamatwa na heroini, ambayo wengi huiita unga, swali la kwanza la familia huwa: je, atapata dhamana?

Katiba inasemaje?
Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama. Ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Makosa ya dawa za kulevya hayakutengwa. Hata hivyo, dhamana si msamaha. Kesi huendelea, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini hupata hasara.

Mjadala wa sheria
Wanaotaka sheria kali husema walanguzi wenye pesa hulipa dhamana wakatoweka. Wengine husema mraibu ni mgonjwa, na rumande haimtibu. Mwaka wa 2022, Bunge lilirekebisha sheria ya mihadarati ya 1994. Kifungo cha juu kwa mwenye bangi ya kujitumia kilishuka kutoka miaka 10 hadi 5, au faini isiyozidi Sh100,000. Adhabu za heroini zingali nzito.

Kwa nini tiba isikatizwe?
Tiba ya methadoni ilianza nchini mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Malindi mwaka wa 2015. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Anayeikosa rumande hupatwa na arosto: maumivu, kuhara na kukosa usingizi. Siku zikipita, mwili husahau kuhimili dawa. Akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani cha unga, anaweza kuacha kupumua na kufa.

Familia ifanye nini?
• Iwaarifu polisi na kliniki mapema kwamba mshukiwa yuko kwenye tiba.
• Ipeleke mahakamani kadi ya kliniki na uthibitisho wa makao yake.
• Kiwango cha dhamana kikiwashinda, iombe mahakama ikipunguze.
• Akiachiliwa, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Swali la kujadili barazani
Ni masharti gani ya dhamana yatakayomfikisha mshtakiwa mahakamani bila kukatiza tiba yake?